Penati Kumi Dukani kwa Duma

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana nguzo za umeme zilikuwa zimeshafika Majabalini, wanyama wa kijiji hicho walikuwa na ukumbi mmoja wa kuangalia filamu na kucheza gemu. Msinikatize kuuliza ulikuwa mwaka gani. Mimi nilihadithiwa tu, na aliyenihadithia naye hakuulizwa.

Mwenye funguo za ukumbi alikuwa Pimbi. Pimbi mnamfahamu? Mnyama mdogo wa mawe, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia, na miguu yake haijawahi kushinda mbio za aina yoyote. Lakini kila siku yeye ndiye aliyefagia ukumbi, akatandika mikeka, akakaa kwenye stuli yake karibu na mlango. Watoto wakikosa mtu wa kucheza naye gemu, walimwita.

"Shangazi Pimbi, njoo uwe kipa."

Naye alikwenda. Miaka nenda, miaka rudi, hadi vidole vyake vikazoea.

Basi siku moja televisheni ya ukumbi ikafa. Uliwaka mstari wa kijani katikati ya kioo, ikasikika tii, ikatoka harufu ya kuungua, kwisha habari yake. Ukumbi ukafungwa. Fisi na Swala, waliozoea kukaa mkeka mmoja wakicheka filamu moja, wakaanza kukwepana njiani. Watoto wakawa wanagombana tu mitoni.

Wanyama wakakubaliana wanunue nyingine, na kila nyumba ikatoa asali yake yote ya mwaka. Pimbi alikuwa na mzinga mmoja, aliouchonga marehemu mumewe. Nyuki walikuwa wameshauhama, kwa hiyo ile ilikuwa asali ya mwisho kutoka kwenye kazi ya mikono ya yule bwana. Na yule bwana alipenda filamu kuliko chakula. Pimbi aliimimina kwenye dumu la kijiji huku moyo ukimuuma sana, akajiapia kwamba asali ile haitapotea bure.

Walichaguliwa watatu kwenda dukani. Tembo, kwa sababu ni mwenyekiti. Nyati, kwa sababu ya kubeba. Pimbi aliongezwa mwishoni.

"Wewe utatushikia nyaya," Tembo alimwambia.

Duka lilikuwa la Duma, kule Njiapanda. Nani mwingine auze vitu vya kasi? Duma akikimbia, kivuli chake kinabaki nyuma kikihema. Juu ya mlango alikuwa ameandika KASI TUPU kwa rangi nyekundu. Chini kabisa, karibu na kizingiti, kulikuwa na maneno mengine madogo: Mali ikishauzwa hairudishwi. Tembo hakuyaona, maana macho ya tembo si ya kutegemea. Pimbi aliyaona vizuri, yalikuwa sawa na kimo chake.

"Karibuni, wazee wangu," Duma alisema. Shati limepigwa pasi, sauti laini. "Mnataka ya gemu au ya filamu?"

"Yote mawili," Tembo alijibu. "Watoto wanataka gemu, wakubwa wanataka filamu. Na asali ya kununua mbili hatuna."

"Basi mmefika."

Akavuta pazia, chwaa, ikaonekana televisheni pana kama mlango wa zizi. Kwenye kioo chake asali ilikuwa inadondoka juu ya ua la manjano. Tone. Halafu tone. Nyati akajikuta analamba midomo.

"Hii inatoa picha mia mbili na arobaini kwa sekunde moja," Duma alisema. "Tazameni pale juu pembeni, namba inawaka yenyewe. Picha zikiwa nyingi, kitu kinachokimbia hakiruki wala hakiachi ukungu nyuma yake. Hiyo yenu iliyokufa ilikuwa ya ngapi?"

"Sitini," Pimbi alisema.

"Sitini, jamani. Hiyo ni ya kuangalizia taarifa ya habari."

"Mia mbili na arobaini," Tembo alirudia taratibu, kama anayeonja. Tembo alipenda vitu vikubwa, na namba nayo ni kitu. "Nyati, teremsha dumu."

"Tusubiri kidogo, Mwenyekiti," Pimbi alisema. "Bwana Duma, tuonyeshe mpira."

"Mpira wa nini tena, bibie? Uzuri wote huu huuoni?"

"Nauona. Ila asali haina haraka. Hata yetu iliyokufa ingeionyesha vizuri. Nataka kitu kinachokimbia."

Duma akacheka, akabadilisha. Mpira ukaruka uwanjani na Pimbi akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Mwendo ulikuwa laini, hilo hakulikataa. Lakini mpira ulipopita mbele ya nyasi, kitu kama ukungu mwembamba kiliuzunguka, na mguu wa mchezaji mmoja ukakatika kidogo kisha ukaungana. Akaomba filamu. Filamu ikaja, na waigizaji wakaonekana kama majirani wanaofanya mazoezi sebuleni. Mume wangu asingekaa kuangalia hii, Pimbi aliwaza.

Hapo akaelewa. Nanyi sikilizeni vizuri, kwa sababu dukani hamtaambiwa. Televisheni ile ilikuwa ya sitini, kama ile iliyokufa. Picha nyingine zote ilizibuni yenyewe, ikazipachika katikati ya zile za kweli. Ni kama mtu anayepeleka maneno ya mwenzake huku akiongeza yake katikati. Na ili ajue aongeze nini, lazima kwanza asubiri neno linalofuata, kwa hiyo kila mara anachelewa kidogo. Kwenye filamu kuchelewa huko hakumdhuru mtu. Kwenye gemu, unabonyeza leo, kipa anaruka kesho.

Pimbi akatazama huku na huku. Kwenye kona, nyuma ya maboksi matupu, palikuwa na televisheni nyingine, ndogo kuliko ile, imejaa vumbi. Kadi yake ilisema mia moja na ishirini.

"Na ile?"

"Achana nayo ile," Duma alisema. "Ni nusu ya hii. Kwani bibie, nusu na nzima, kubwa ni ipi?"

Tembo akacheka. Nyati akacheka. Pimbi alijisikia mdogo, na hakupenda kabisa kujisikia hivyo. Angesema namba ile ni ya uongo, nani angemsikiliza? Pimbi amfundishe Duma habari za kasi! Dumu lilikuwa tayari chini, Nyati ameshika kifuniko. Kikifunguliwa kile, asali ya kijiji kizima imekwenda, na ya marehemu ndani yake.

Akatabasamu.

"Umenishinda, Bwana Duma. Ila watoto wa kwetu ni wabishi, watatuuliza kama tuliijaribu. Naomba tucheze penati. Kila mtu na televisheni yake, kila mtu awe kipa, mipira kumi. Wewe mwenye kasi zako kaa kwenye hii ya kasi. Mimi nipe ile ya vumbi, inanitosha."

"Wewe ucheze na mimi?"

"Nitashindwa, najua. Nikishindwa, boksi nalibeba mimi kichwani hadi Majabalini, na njia nzima nitalitangaza duka lako."

Duma akawatazama wateja walioanza kusogea, Ngiri na Kima na wengineo. Akaifuta vumbi ile ndogo, akaunganisha mashine mbili za gemu, akampa Pimbi pedi ya kuchezea, naye akashika yake.

Ujue Duma alijua habari za zile picha za kubuni. Yeye mwenyewe aliziwasha kwa rimoti kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Lakini habari za kuchelewa hakuzijua, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kuchezea gemu televisheni aliyowauzia wengine. Nyumbani kwake alikuwa na nyingine.

Mpira wa kwanza ukapigwa. Pimbi akabonyeza, kipa wake akaruka, paa, mikononi. Duma alibonyeza kabla yake, wote walimwona. Kipa wake akasimama kama anayekumbuka kitu, kisha akaruka, mpira umeshalala wavuni.

"Nilikuwa napasha vidole," Duma alisema.

Wa pili, wavuni. Wa tatu, wavuni.

"Bwana Duma, umelala vizuri kweli jana?" Kima akauliza.

Duma alikaza macho kwenye kioo. Jasho lilianza kumtoka puani. Hadi mpira wa sita Pimbi alikuwa amedaka mitano. Duma alikuwa na mmoja, na huo ulimgonga kipa tumboni bila yeye kupenda.

Sasa Duma akili zake nazo ni nyepesi, si miguu tu. Alishagundua kwamba zile picha za kubuni ndizo zinazomchelewesha. Rimoti ilikuwa mezani kando yake. Mkono ukaenda, ukarudi. Ukaenda tena, ukarudi. Pimbi hakumwangalia usoni, aliuangalia ule mkono.

"Pole, Bwana Duma," alisema kwa upole. "Au ni televisheni?"

"Televisheni haina tatizo lolote."

"Basi utakuwa ni wewe. Umri nao ni umri. Mbio zimeanza kupungua."

Wateja wote waligeuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Duma maneno hayo. Tangu azaliwe alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna wa kumbishia, na sasa alikuwa anakipoteza mbele ya Kima, mbele ya Ngiri, kwa kibonge asiye na mkia. Akaikamata rimoti, akabonyeza kitufe kimoja kwa nguvu. Kioo kikapepesa.

Mpira wa saba, akadaka. Wa nane, akadaka. Wa tisa ulikuwa wa juu kabisa kwenye pembe ya goli, naye akaupangua.

"Mmeona?" akapaza sauti akigeuka. "Mmeziona mbio?"

Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wanatazama juu pembeni, pale ilipokuwa namba.

"Nyati," Tembo alisema, "mimi sioni vizuri. Pameandikwa nini?"

"Sitini, Mwenyekiti."

"Soma tena."

"Sitini."

"Kama yetu iliyokufa?"

"Kama hiyo hiyo."

Pimbi akaweka pedi mezani taratibu. Mpira wa kumi haukupigwa. Duma alisimama na rimoti mkononi. Namba ameizima mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu.

Tembo aliinamisha kichwa. Masikio yake makubwa yalilegea kwa aibu, kwa sababu alikumbuka jinsi alivyocheka. Kisha akafanya jambo ambalo wakubwa hawalifanyi mara nyingi: akarudi nyuma hatua mbili kumpisha aliye mdogo.

"Mama Pimbi, chagua wewe."

"Ile ya vumbi," Pimbi alisema. "Mia na ishirini zake ni za kweli, nimezicheza kwa vidole vyangu. Watoto gemu zao zitakwenda. Na filamu ina picha ishirini na nne kwa sekunde, kwa hiyo kila picha itakaa zamu tano kamili, hakuna inayoburuzwa wala inayosukumwa. Mkifika nyumbani gawanyeni wenyewe."

Nyati akagawanya kwa kwato zake kimoyomoyo, hakufika mwisho, akabeba boksi. Na kwa kuwa ile ilikuwa ndogo, walirudi na dumu nusu.

Siku ile ile ukumbi ukafunguliwa. Watoto walicheza gemu hadi wakakosana na kupatana. Halafu ikawekwa filamu ya wakubwa. Pimbi alipita kwanza kwenye mipangilio ya televisheni akazima kila kitu cha kulainisha na kuongeza, ndipo akarudi kwenye stuli yake. Filamu ilionekana vile filamu zilivyokuwa zikionekana enzi mumewe yupo. Giza lake lilikuwa giza, na waigizaji hawakufanana na majirani. Pimbi akalia kidogo, akajifuta, akaendelea kuangalia. Kwenye mkeka wa mbele, Fisi alikuwa anamweleza Swala kilichotokea mwanzo.

Baada ya wiki kadhaa Duma akaja. Hakuja na shati la pasi. Alisimama mlangoni hadi alipokaribishwa.

"Namba zote dukani nimezibandua, nimeandika upya," alisema. "Naweza kucheza penati kumi?"

Pimbi akampa pedi, na watoto wakakaa kumzunguka. Mpira wa kwanza, akadaka. Wa pili, akadaka. Alidaka yote kumi, kwa mbio ambazo Majabalini hawakuwahi kuziona, hadi watoto wakasahau kushangilia.

"Kumbe kweli unazo," Pimbi alisema.

"Nilikuwa nazo siku zote."

"Najua. Namba yako ndiyo iliyokuwa inakurudisha nyuma."

Duma akacheka, mara hii kwa moyo wake wote, akaomba acheze tena.

Hadithi yangu naizimia hapo, na rimoti ninayo mimi, asiniombe mtu. Ila mkienda kulala lalieni hili: uongo huanza kumchelewesha yule yule aliyeutunga.