Neno Nyuma ya Lango

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Basra palikuwa na mchonga milango, mja mnyenyekevu, jina lake Humaidi bin Naufali. Kazi ilikuwa imemkauka mwaka mzima, na nyumbani amebakiwa na ubao mmoja tu wa msaji. Ikavuma habari kwamba tajiri Shuraihi anatafuta fundi wa milango ya kasri lake, na kila mwombaji alete ubao aliouchonga, mkono wake uonekane.

Mkewe, Bi Lubaba, alikuwa mja mzito, na ubao ule waliuweka kwa ajili ya kitanda cha mtoto. Hata hivyo akamwambia auchukue, kwani riziki haiji kwa kukunja mikono. Humaidi akachonga siku saba, akiwa na udhu. Alipomaliza akaugeuza, na nyuma akachonga neno moja, *amana*, kama alivyofunzwa na ustadhi wake: kazi ambayo haijapatanwa ujira bado ni mali ya fundi.

Shuraihi akautazama, akasema mkono haujaiva. Humaidi alipoomba arudishiwe ubao wake, akaambiwa utatazamwa tena kesho. Kesho ikazaa kesho. Mafundi wengine wanane, wote wanafunzi wa ustadhi yule yule, walipata jibu lilo hilo. Roho ilimuuma Humaidi, tusifiche. Lakini alishika subira, akamshitakia Mola wake.

Mwezi haukupita, tajiri akamwalika Kadhi kwenye karamu ya mchana. Lango lilikuwa jipya, mbao tisa zimeunganishwa, kila mgeni akalisifu. Walipoketi ndani likafungwa, na mgongo wake ukawaelekea wao. Shuraihi, masikini, hakujua anaonyesha nini.

"Tazama, Sheikh," alisema kwa majivuno. "Kila fundi ameandika kwamba mimi ni mtu wa amana."

Kadhi akasoma neno lile mara tisa. Akarudisha tonge sahanini.

"Amana za nani hizi," akauliza, "nawe utazirudisha lini?"

Tajiri akaagiza Humaidi aitwe amtolee ushahidi, akamwahi mlangoni na kumnong'oneza: aseme tu kwamba mbao zilitolewa hiba, naye atapewa kazi yote peke yake. Humaidi akalikumbuka tumbo la mkewe. Kisha akasema mbele ya watu, "Wangu ni amana, Kadhi, na za wenzangu ni amana."

Lango likafumuliwa saa ile ile, kila fundi akabeba ubao wake. Kasri likabaki wazi, mbuzi wa jirani wakiingia na kutoka. Kabla ya alasiri Shuraihi alifika kwa Humaidi kichwa chini, akaomba radhi, akapatana ujira na mafundi wote tisa, ndipo patasi zikashikwa. Bi Lubaba aliposimuliwa habari ya mbuzi alicheka mpaka akashika mgongo. Mtoto wake alilala juu ya msaji ule ule.

Ndugu yangu unayesoma, Mola hutujaribu sote, lakini hakuna mtihani Wake usio na ujira. Basi mja ni nani, hata awajaribu wenziwe bure?