Wana Wawili wa Ziwa la Bi Mize

Nifungue?
— Fungua!
Nikifungua, mtapokea?
— Tutapokea!
Na likiwa zito?
— Tutalibeba pamoja!

Haya, sogeeni. Zamani sana, babu wa babu zenu hajajua hata kutambaa, palikuwa na mji ubavuni mwa mlima, ukiitwa Mwangaja. Mji ule ulikuwa na chemchemi moja tu, na chemchemi yenyewe ilikuwa kileleni, ndani ya ua wa mfalme. Maji yalitoka kwa mfalme, yakafuata mfereji wa mawe, yakateremka mjini, watu wakachota.

Jumbani kwa mfalme aliishi mwanamke mmoja, jina lake Bi Mize. Hakuwa malkia, hakuwa mjakazi. Alikuwa yaya. Mwana wa mfalme alipozaliwa, mama yake alifariki palepale kitandani, ndipo akaitwa Bi Mize, naye ana kichanga chake mwenyewe mgongoni. Mtoto wa mfalme akampa ziwa la kulia, wa kwake akampa la kushoto. Mtoto wa mfalme aliitwa Dadi. Wa kwake aliitwa Ngwali. Wakanyonya pamoja, wakatambaa pamoja, wakaingia jandoni pamoja. Ukimpiga mmoja, analia mwingine.

Wakakua. Dadi akavishwa kilemba cha ufalme. Ngwali akatoka uani, akaenda kuwa mhunzi mjini. Bi Mize akabaki jumbani, maana mfalme alisema, "Mama, nisipokusikia ukikohoa asubuhi, siku yangu haianzi."

Basi ukaja ukame. Mvua ikagoma mwaka huu, ikagoma na mwaka uliofuata. Chemchemi ikapungua. Mfalme Dadi akaingiwa na hofu. Hakuwa mtu mbaya, wenzangu. Msimfanye mbaya ili hadithi iwe nyepesi. Alikuwa mwoga, na alikuwa na kesho nyingi. Akaamuru mfereji uzibwe.

"Ni kwa muda tu," alisema. "Ikikauka hapa, sote tutakunywa nini?"

Wazee wa mji wakapanda mlima, kofia mikononi. Walinzi wakawarudisha langoni. Bi Mize akamwendea mfalme.
"Dadi mwanangu, zibua mfereji."
"Kesho, mama."

Wanawake wakapanda mlima na mitungi mitupu, wakawa wanaigonga kwa vijiti: ngo! ngo! ngo! Mfalme akasikia, akafunga dirisha. Bi Mize akamwendea tena.
"Dadi mwanangu, zibua mfereji. Watoto wanakunywa matope."
"Kesho, mama."

Kisha binti wa Ngwali, ndiyo kwanza anaota meno, akanyweshwa maji ya dimbwi. Akaharisha, akafa. Bi Mize aliteremka kumzika mjukuu wake, akarudi jumbani amejifunga kaniki.
"Dadi, mtoto wa ndugu yako amekufa. Zibua."
Mfalme alilia. Kweli alilia, machozi yakamlowesha ndevu, akamshika mama yake mikono yote miwili. Halafu akasema nini?
— Kesho!
Ndiyo. Kesho.

Lakini kesho ile ilikuwa ya watu wengine.

Asubuhi mji mzima ulipanda mlima. Mashoka, miundu, michi ya kutwangia. Mbele yao Ngwali, na nyundo yake ya uhunzi. Walinzi wakautazama ule umati, wakawaona shangazi zao mle, wakaona na mama zao, wakatupa mikuki. Lango likaanguka. Wengine wakaukimbilia mfereji. Wengine wakalikimbilia jumba.

Mfalme alijifungia chumba cha ndani na mkewe, Mwana Rukia, na binti yao Mwanahawa, na mdogo wake Athumani aliyekuwa bado wa kubebwa. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mninga, mnene, hausikii shoka. Na mbele ya mlango alisimama Bi Mize.

"Mama, pisha," alisema Ngwali.
"Sipishi. Unataka nini?"
"Atoke. Aondoke nchi hii na watu wake. Basi."
"Hutamdhuru?"
"Mama, mkono wangu hautamgusa. Hautamgusa yeye, hautamgusa mkewe, hautawagusa watoto. Naapa kwa maziwa niliyonyonya."

Bi Mize akamtazama usoni. Uso ni uleule aliokuwa akiufuta makamasi. Akaamini. Nyie mngefanyaje? Yule ni mama.

Akagonga, akafunguliwa kidogo, akaingia.

"Bi Mize," alisema Mwana Rukia, "mlango huu bado mzima. Kaka zangu wametumiwa habari, wako njiani. Nakuomba, tusitoke."
"Mwanangu ameapa," alisema Bi Mize.
Mfalme Dadi alikuwa ameketi sakafuni. Akainua kichwa. "Mama, wewe unamwamini?"
"Nimemzaa."
"Na mimi?"
"Wewe nimekunyonyesha. Mnataka niwapime kwenye mizani?"
Mfalme akasimama, akavua kilemba, akakiweka chini. "Twendeni," alisema. "Mama amesema."

Ah, jamani. Laiti angesema kesho siku ile!

Wakatoka. Umati ukafunguka, ukawapa njia. Mfalme akasimama katikati ya ua.
"Watu wangu, nisameheni. Maji yazibuliwe."
Mtu mmoja akacheka. Maji yalikuwa yamekwisha kuzibuliwa kwa mashoka. Yalikuwa yakimpita miguuni.

Ngwali akawaongoza mpaka langoni. Pale langoni akajitenga kando. Akaweka mikono yake nyuma, akawapa watu kisogo. Sauti moja ikapaa, "Huyo mdogo akikua, atarudi!" Nyingine ikaitikia, na nyingine.

Yaliyofuata sitayasimulia. Wapo watoto hapa. Niseme tu kwamba Bi Mize alikimbia kwa miguu yake ya uzee, kaniki ikamwanguka, asiiokote, na alipofika hapakuwa na wa kuokoa. Hata yule aliyekuwa mgongoni kwa mama yake.

"Uliapa!" alipiga ukelele. "Ngwali, uliapa!"
"Niliapa mkono wangu," alisema Ngwali. Akaunyoosha mbele yake. "Tazama, mama. Mkavu."

Bi Mize akautazama. Akaketi chini, akakipakata kichwa cha Dadi.

Wanaume wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Waliobaki ni wale wanawake wa mitungi. Wakachota, wakaja, wakawaosha maiti kwa maji yaleyale waliyonyimwa. Maji yalikuwa tele. Hakuna aliyeimba.

Ngwali akawa mkuu wa nchi. Siwadanganyi: maji yalitiririka mchana na usiku, watoto wakanenepa, bustani za mboga zikarudi. Lakini mtu akipita pale langoni alinyamaza, hata kama alikuwa anacheka. Naye Ngwali hakupata raha ya kukaa. Akatuma watu na kiti cha kumbeba mama yake arudi jumbani. Kiti kikarudi kitupu. Akatuma vitambaa vya hariri. Vikarudi vimekunjwa vilevile. Akaja mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwenye kibanda alichojijengea Bi Mize karibu na makaburi ya Dadi na watu wake.

"Shikamoo, mama."
"Marahaba."
"Mama, mji unakunywa."
"Naona. Unakunywa."
"Watoto hawafi tena kama alivyokufa wangu. Sasa kwa nini unanilaani?"

Bi Mize alikuwa anang'oa magugu juu ya kaburi dogo. Akaacha.

"Sikulaani, Ngwali. Nimejaribu. Nikifumbua mdomo nikulaani, nakuona kichanga, umeshiba, umelala. Na nikikuona wewe, namwona na yeye, kwenye mkono wangu wa pili. Basi nafumba mdomo."

Ngwali, mkuu wa nchi, akaketi mchangani, akalia kwa sauti. Bi Mize hakumfukuza. Hakumshika pia. Akainama, akaendelea kung'oa magugu.

Hapo ndipo hadithi ilipoketi, nami naiacha iketi. Palipokolea ni penu, palipochacha ni pangu. Nifunge?
— Funga, tumepokea!
Nimefunga.