Bei ya Msitu wa Kwemzizi

Msitu wa serikali wa Kwemzizi ulikuwa umeuzwa kimyakimya, na Shekiondo mrina asali akapewa siku saba aondoe mizinga yake. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama kuuliza bei.

"Bei ni siri ya serikali," akasema Bwana Misitu, tumbo likimtangulia.

"Haya, mkubwa, kaa na siri yako. Tupe tu sehemu ya kumi ya bei, fungu la kijiji, kama sheria inavyotaka."

Bwana Misitu akachomoa elfu ishirini mfukoni, akamkabidhi mwenyekiti huku akitabasamu.

"Kumbe ni laki mbili," akasema Shekiondo. Akamgeukia mnunuzi, tajiri Kisaka, aliyejaa kwenye kiti cha mbele. "Tajiri, niuzie mimi kwa laki tatu. Unakula faida hata mti hujakata."

Watu wakaangua kicheko. Kisaka akainuka, shingo imemvimba.

"Wewe mlamba masega, unaniona mwehu? Nimempa huyu milioni hamsini mkononi, nikuuzie kwa laki tatu?"

Bwana Misitu akashikwa na kikohozi.

Shekiondo akamwinamia mtendaji wa kijiji, aliyekuwa akiandika muhtasari. "Umeipata vizuri, dada, au tajiri arudie?"

Mizinga haikuhama.