Funda la Maji la Diwani Msellem

Wasikilizaji wangu, tuanze na yale ambayo mashahidi wote waliyakubali. Katika baraza la Jumbe Mwinyihatibu, kila diwani hukaa na funda la maji mdomoni mpaka hotuba ya Jumbe iishe. Siku hiyo Jumbe alitangaza, "Zimwi la kisimani limehama. Watoto na wateke maji bila hofu."

Hapo diwani Msellem akalitema funda lake mkekani. "Uongo! Leo asubuhi limemla mbuzi wangu, nami nimeliona kwa macho yangu!"

Tangu hapo maji, kama yaliyokasirika kwa kutemwa, yakamkimbia. Akainamia mtungi, ukakauka. Akaingia mtoni, maji yakampisha. Mvua ikanyesha, ikamzunguka.

"Baba Saumu, omba radhi unywe," mkewe akamsihi. "Au wataka nikuzike na ubishi wako?"

Msellem akapima. Akiyafuta maneno yake, watoto watatumwa kisimani. Akinyamaza, kiu itamuua, na shahidi pekee wa zimwi atakuwa amekwenda.

Akarudi barazani, midomo imepasuka. "Jumbe, naomba radhi kwa kukukatiza. Nililolisema silifuti."

Akaletewa kata ya maji. Nusu akainywa, nusu ikaganda ndani ya kata kama jiwe. Jumbe akaitazama, na siku ile hakuna mtoto aliyetumwa kisimani.

Wapo wanaoshikilia kwamba nusu ile ilizuiwa kwa kuwa radhi ya Msellem haikutimia. Wengine husema inamngoja Jumbe aombe ya kwake. Ushahidi mmeusikia wote; nyinyi mwaamuaje?