Mlango wa Diwani Msabaha

Mafuriko yalipobomoa daraja, Diwani Msabaha aliitisha mkutano akatoa dawa: uji wa shule ufutwe, fedha zake zijenge daraja.

"Njaa kidogo huwakomaza watoto," alisema, akipapasa kitambi ambacho hakijawahi kupewa nafasi hiyo ya kukomaa.

Bi Chausiku, mpishi wa uji, alisimama. Watu walitarajia matusi.

"Mheshimiwa amenena. Ila watoto wataniuliza, mchana tumkimbilie nani?"

"Mimi ni baba yao," alijibu diwani, kama alivyozoea kusema wakati wa kampeni. "Mlango wangu uko wazi daima."

Bi Chausiku alipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake mchana, diwani alikuwa akimega pilau aliposikia hodi. Kwa mazoea, bila hata kuinua macho, alijibu, "Karibu, tule."

Shule nzima iliingia, kila mtoto na kikombe chake. Nyuma yao alikuja Bi Chausiku na upawa.

"Shikamoo, baba," walisema watoto, wakaanza kunawa.

"Leo nimewasindikiza tu, Mheshimiwa," alisema Bi Chausiku akifunua sufuria ya pilau. "Kesho watakuwa wanaijua njia."

Jioni hiyohiyo diwani alitangaza kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, daraja litajengwa kwa posho za madiwani.