Mjane wa Chumba cha Mbele

Paliondokea mwenyekiti wa jumuiya ya wajane, jina lake Badawi. Alichangisha fedha za kuwajengea wajane makao, akajenga ghorofa, kisha akahamia yeye. Wafadhili walipomtuma mkaguzi mwanamke aje kutazama hesabu na kazi ya jumuiya, Badawi alimfuata Bi Mwanaidi, aliyefiwa wiki ile na kutolewa nyumbani na mashemeji.

"Ukae chumba cha mbele, useme unaishi hapa. Mgeni akiondoka, nawe uondoke. Nitakupa kilo mbili za unga."

"Fukara kama mimi nani atanisadiki, Mwenyekiti? Labda useme wewe, tena mbele ya imamu."

Badawi akacheka. "Kweli, wewe hata uongo huuwezi."

Mkaguzi alipouliza fedha zimefanya kazi gani, Badawi akaapa mbele ya imamu kwamba chumba kile ni cha Bi Mwanaidi, na kwamba hana makazi mengine. Mkaguzi akaandika, imamu akatia sahihi.

Wageni walipokuwa wakivaa viatu mlangoni, Badawi akanong'ona, "Haya mama, nenda zako."

"Niende wapi, nami nimo edani?" Bi Mwanaidi akajibu kwa sauti. "Imamu, mjane hukaa wapi eda yake?"

"Nyumbani anapoishi, miezi minne na siku kumi. Anayemtoa anamkosea Mungu."

"Umesikia, Mwenyekiti. Basi toka chumbani mwangu, na siku nyingine upige hodi. Mwenye eda hachanganyiki ovyo na wanaume."