Kopa Lilivyopoteza Mguu

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi kasoro robo alasiri, siku ya mwisho ya fungate ya Somoe, kopa lilipopoteza mguu wake.

Kabla ya hapo kopa lilikuwa kikombe. Uru lilikuwa sarafu, shupaza upanga, pau rungu; na kopa, kikombe chekundu chenye mdomo uliobonyea katikati, tumbo lililochongoka kwenda chini, na mguu mwembamba. Ndivyo walivyochora Mwezele, mji aliozaliwa Somoe, na ndivyo walivyochora Chakaleni, mji alikoolewa. Kila mama alimchorea bintiye karata za kwenda nazo kwa mume. Za Somoe zilichorwa na mamake masika ya mwisho ya uhai wake. Hata sasa Somoe akizinusa alilisikia jiko la kwao: mdalasini, moshi, tui linalochemka.

Desturi ilikuwa fungate ikiisha, bibi harusi hucheza karata zake na wakwe. Siku ile Somoe alikuwa ndio kwanza amepakwa hina viganjani. Angeweza kusema, "Ningojeeni ikauke." Aliogopa kuitwa mwenye maringo. Akaketi, akagawiwa makopa matupu, akayashika kwa chini, kwa nguvu, kama mtu anayening'inia ukingoni mwa kisima.

Alipoyaweka mkekani, vikombe havikuwa na miguu. Hina mbichi ilikuwa imeilainisha rangi na kuifuta.

"Wallahi wifi katuletea vikombe, kisha kavivunja mwenyewe!" akacheka Mwanaate, dada wa mume. "Haya, jikoni! Karata yenye kilema hutiwa motoni, na zilizobaki ziifuate."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Somoe akazikumbatia karata zote kifuani, hina ikamchafulia kanga.

"We Mwanaate, kaa," akasema Bi Kuruthumu, mama mkwe. "Kilema ni cha mmoja. Kikiwa cha wote, ni umbo." Akamgeukia Somoe. "Mkaza mwanangu, ama vikombe vyote vikose miguu, ama moto. Mimi sikushikii mkono. Mwenye karata ni wewe."

Na tangu siku hiyo, Mwezele kopa ni kikombe kilichosimama, na Chakaleni, walikoziiga karata za Somoe, ni umbo la mabega mawili na ncha moja. Wageni wakiliona husema ni moyo. Wenyeji huwacheka: moyo gani? Hilo ni kopa, kama walivyoliita mama zetu.

Maana asubuhi iliyofuata, nyumba ingali kimya, Somoe alikaa kizingitini na bakuli la maji. Alichovya kidole, akafuta mguu wa kikombe kimoja, kisha wa kingine, taratibu, akiufuata kila mstari mkono wa mamake ulikopita. Palipohitaji kurudiwa alirudia, hadi vyote vikafanana. Kisha akazichanga karata, akaenda kumgongea wifi yake mlango.

"Amka," alisema. "Njoo ukate."